Nilivyochagua viwanja vya ligi yetu ya mbio ndefu za magari, na kwa nini sikuanza na Le Mans

Kila aliyesikia kwamba napanga kalenda ya ligi yetu alikuja na ushauri uleule: "Kaka, fungua na Le Mans, watu watajaa wenyewe." Le Mans naipenda. Mbio zake za saa 24 kule Ufaransa zilianza 1923, na bila hizo mchezo huu usingekuwa na jina. Lakini ushauri ule ni mbovu, na wengi waliokuwa wakiutoa hawajawahi kusimamia ligi ya aina yoyote.

Ligi yetu ni ya simulata, yaani gemu la kuendesha magari kwa usukani nyumbani. Madereva wako Mombasa, Dar, Muscat na Doha, na kila gari linaendeshwa kwa zamu kama kwenye ubingwa wa dunia wa mbio ndefu, WEC. Seva tulichangishana, kila mtu kama bei ya bando la mwezi.

Le Mans tuliijaribu, wasemao wanyamaze. Mzunguko ni kilomita 13.626, na gari la daraja la LMGT3 huchukua karibu dakika nne kuumaliza. Magari yetu hayakuwa mengi, basi baada ya muda mfupi kila dereva alikuwa peke yake na miti. Kisha kijana wa Dar akagonga ukuta pale kona ya Dunlop, mwanzoni kabisa mwa mzunguko, na mlango wa piti, panapotengenezwa magari, uko mwishoni. Akajikokota na tairi lililopasuka. Akapita Tertre Rouge, akaingia barabara ya Mulsanne, ile ndefu waliyoiwekea vikona viwili vya kupunguza kasi mwaka 1990, Hypercar, magari ya daraja la juu, zikimpita kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Tulikuwa tukimsikia akitaja vituo kama utingo wa daladala: "Indianapolis hiyo... Arnage hiyo..." Alipofika piti, mwenzake aliyengoja zamu alishakwenda kulala.

Hapo nikajua ninachotafuta: mzunguko mfupi, madaraja mawili yachanganyike, na anayeumia afike piti upesi. Tukafungua msimu na Interlagos ya Brazil, kilomita 4.309, uwanja ambao WEC yenyewe iliurudia 2024. Hypercar ziliwafikia LMGT3 mapema, na kuanzia hapo hakuna aliyepata nafasi ya kusinzia. Kupita gari la daraja la chini bila kupoteza muda ndiyo kazi yenyewe ya mbio hizi.

Spa ya Ubelgiji ni ndefu, kilomita 7.004, ila niliiweka bila kusita kwa sababu ya mvua. Washa hali ya hewa inayobadilika uone watu wanavyogombana kuhusu tairi.

Sebring ya Marekani ilinisumbua. Sehemu zake ni zege la uwanja wa ndege wa kijeshi wa zamani, na matuta yale usukani unayaleta yote mikononi. Usukani wa bei nafuu uliobanwa kwenye meza ya kulia hauwezi saa nyingi za namna ile. Nikaiondoa.

Siku nayo si jambo dogo. Muscat na Doha wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, sisi Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo ni Jumamosi tu. Magharibi haiingii wakati mmoja Doha na Dar, basi zamu zikapangwa dereva akiswali mwenzake anaendesha. Sheria ninayojivunia kuliko zote ni hii: gari moja, madereva wa miji miwili tofauti.

Ndugu wa Doha waliomba Lusail, uwanja wa kwao, nikawapa, ila kwa mbio za saa sita. Mbio halisi za pale zina kilomita 1812, hesabu inayokumbuka tarehe 18 Desemba, sikukuu yao ya taifa, na ukomo wake ni muda wa saa kumi.

Fainali ilikuwa Bahrain, mbio za muda wa saa nane kamili kama WEC. Nilipanga saa ya gemu ili jua lizame katikati ya mbio. Lami ikapoa na magari yaliyoteseka mchana yakaanza kukimbia. Mwishoni umeme ukamkatikia dereva wa Mombasa. Gari lake likavutwa hadi piti, na kwa kuwa uwanja ni mfupi halikuchukua muda mrefu. Mwenzake wa Muscat akaketi, akalimaliza nafasi ya tatu. Msimu ujao naongeza Fuji ya Japani, na magari yenye timu za miji miwili yameshaanza kuandikishwa.