Siku tisa Kisangani nikisubiri boti: gesti niliyoikimbia na gesti niliyokaa

Mdogo wangu ameolewa Bumba, mji ulio kando ya Mto Kongo. Mwaka 2017 alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilimwahidi kwamba nitakwenda kumlea mzazi, na ahadi ya dada si ya kurudishwa nyuma. Kutoka Kigoma nikapitia Bujumbura, nikaingia Bukavu, nikavuka Ziwa Kivu hadi Goma, nikapanda ndege mpaka Kisangani. Kilichobaki kilikuwa maji tu: kushuka na mto hadi Bumba. Hesabu yangu ilikuwa nilale Kisangani usiku mmoja, asubuhi nipande boti. Nikalala huko mara tisa.

Kisangani ndipo njia ya boti inapokomea. Juu ya mji kuna maporomoko ya Boyoma, saba yanayofuatana kwa zaidi ya kilomita 100, na hakuna chombo kinachopita pale. Ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya kushoto hadi Ubundu. Boti zinapanda kutoka Kinshasa, karibu kilomita 1,700 za mto, zinashusha mzigo hapa, zinajaza mwingine, zinageuza. Ratiba hakuna. Chombo kinaondoka kikijaa, na kama kimekwama kwenye fungu la mchanga huko chini, wewe unayekisubiri huku juu utapewa majibu ya "kesho" mpaka uyazoee. Laiti ningelijua hilo kabla, nisingechagua chumba kama mtu anayelala usiku mmoja.

Gesti ya kwanza niliichagua mchana, na hapo ndipo nilipokosea. Nilifika saa tisa alasiri, nimechoka, nikaona ukuta umepakwa rangi mpya, shuka jeupe, mlango unafungika, na bandari iko hatua chache tu. Dola 12 kwa usiku. Mwenye nyumba akasema nikilipa siku tatu kwa mkupuo ananipunguzia dola tano. Nikalipa.

Mchana chumba chochote kinaonekana chumba. Usiku ndio nikagundua kwamba juu yangu kulikuwa na bati tupu, halina dari, na bati lililopikwa na jua tangu asubuhi linaendelea kukupika mpaka saa saba za usiku. Kisangani iko kama nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, imezungukwa na msitu. Kwetu Kigoma joto tunalo, lakini jioni ziwa linatupa upepo. Pale hewa imesimama, nzito, imelowa. Dirisha lilikuwa moja na lilifunguka kwenye korido, kwa hiyo sikujua hata lina kazi gani. Nyuma ya ukuta, jenereta ya baa ya jirani ikaunguruma na muziki wake hadi karibu na alfajiri. Usiku wa pili ikanyesha, mvua ya kule haina salamu, na tone la kwanza likanidondokea shavuni. Nikasogeza kitanda. Tone likanifuata. Nikamalizia usiku nimekaa kwenye kiti, begi nimelipakata.

Asubuhi nilimwomba mwenye nyumba anirudishie ya siku ya tatu. Akasema pesa ikishaingia haitoki. Sikubishana sana, nilikuwa mgeni, peke yangu, na mwanamke. Lakini iliniuma, na mpaka leo silipi gesti ya ugenini kwa mkupuo, hata wanipunguzie vipi.

Safari hii nikasema sitafuti chumba mpaka giza liingie. Begi nikaliacha kwa mama mmoja anayepika chakula kando ya barabara katika wilaya ya Makiso, katikati ya mji, ambako nilikuwa nimekula lituma mchana: ndizi zilizochemshwa zikatwangwa mpaka zikashikana, kwa samaki wa mtoni na sombe. Nilipoiita sombe alicheka, akaniuliza nimejifunza wapi Kiswahili chao. Nikamwambia Kigoma nasi tunaita sombe, ni huko mbele tu Tanzania wanaposema kisamvu. Tukawa ndugu papo hapo. Kiswahili kilifika Kisangani na misafara ya pembe na watumwa, wakati Tippu Tip, mfanyabiashara kutoka Zanzibar, alipokuwa na nguvu eneo lile la maporomoko, na mwaka 1887 hata akafanywa gavana wake. Ni asili chungu, sitaki kuipamba. Lakini lugha yenyewe wenyeji wameifanya yao, pamoja na Kilingala, na ndiyo iliyonipatia chumba.

Huyo mama ndiye nilimwuliza, "Mama, gesti ipi hapa ina maji?" Sikumwuliza ipi nzuri. Anayepika karibu na gesti anajua ipi ina maji, kwa sababu ile isiyo nayo wafanyakazi wake wanakuja kwake na ndoo. Akanielekeza mitaa miwili nyuma. Nikachukua toleka, ile baiskeli ya abiria yenye kiti cha sponji nyuma; toleka ni neno la Kilingala, kama kusema "tupite". Jua kule huzama mapema mwaka mzima, na saa moja na nusu tayari ni giza kabisa. Nikaingia na tochi mkononi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya tofali, rangi imebabuka. Ningeiona mchana ningepita. Lakini uani kulikuwa na mwembe mkubwa uliofunika paa lote, na chumba alichonionyesha mlinzi kilikuwa na dari ya mbao na madirisha mawili, moja mbele na jingine nyuma, yote yana wavu. Nikasimama katikati. Hewa ikapita shingoni mwangu. Ndogo, lakini ilipita. Nikainua godoro, nikamulika kwenye mishono na kwenye maungio ya kitanda kutafuta kunguni. Hakuna hata yale madoa meusi wanayoacha. Bafuni pipa la bluu limejaa hadi juu, kopo linaelea. Nikauliza umeme.

"Mayi iko, mama," mlinzi akanijibu. "Umeme ndiyo unaenda, unarudi."

Nilipenda kwamba hakunidanganya. Umeme wa Kisangani unatoka kwenye mtambo wa maji wa Mto Tshopo, pale pale mjini, na kweli ulikuwa unakwenda na kurudi. Nikajizoesha kuchaji simu na tochi kila uliporudi, hata iwe saa nane za usiku.

Alikuwa mzee wa makamo, analala getini kwenye kitanda cha kamba, na nilimwita Papa kama wanavyoita kule. Bei ilikuwa dola 15. Nikamweleza hali yangu yote: nasubiri boti ya kushuka, huenda nikakaa siku mbili, huenda kumi, na gesti niliyotoka nimepoteza pesa. Akafikiri kidogo, akasema, "Utalipa dola 13, siku mbili mbili. Boti ikiita usiku, yako nitakurudishia." Nikatoa noti ya dola 20 na nyingine ya 10. Ile ya 20 akaiinua kwenye mwanga wa tochi, akanirudishia. Ukingoni ilikuwa na mchaniko usiozidi ukucha wa kidole kidogo.

"Hii hapana, mama. Hata sokoni watakataa."

Kumbe ndivyo ilivyo Kongo nzima. Dola inatumika kama faranga, lakini lazima iwe safi, isiyochanika, na ya dola moja wengi hawaitaki. Kesho yake mbadilisha fedha wa barabarani aliipokea kwa kuikata thamani. Tangu hapo noti zangu nazilaza katikati ya daftari gumu, na faranga za matumizi madogo zinakaa kwenye pochi nyingine. Kama unakwenda, kagua kila noti kwenye mwanga kabla hujaondoka nyumbani. Na beba nakala kadhaa za pasipoti, maana kila mahali wanaandikisha wageni na kila mahali wanataka karatasi.

Chandarua kilikuwepo, lakini kwa mbali kilionekana kizima na kwa karibu hakikuwa. Niliingia ndani yake, nikawasha tochi kutoka chini ya shuka, na mianya ikaonekana kama nyota: minne upande wa kichwani, mmoja mkubwa wa kupitisha ngumi miguuni. Sindano na uzi huwa sisafiri bila. Nilianza na ule mkubwa, nikavuta kingo zake pamoja kama mtu anayefunga mdomo wa gunia, nikapiga mshono wa kuzungusha, nikakaza, nikakata uzi kwa meno. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye mikono, sindano inateleza. Nilitumia kama saa nzima. Usiku ule nikasikia mbu wanaimba nje ya neti na hakuna hata mmoja aliyeingia, na kwa mtu aliyewahi kulazwa kwa malaria kama mimi, hakuna muziki mtamu kama ule wa mbu aliyeshindwa kupita.

Maji ya pipa yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Ya kuoga yalinifaa, mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, na sikujifuta. Nilijilaza hivyo hivyo nikiwa na khanga mbichi, ndilo feni langu. Ya kunywa nilipatana na yule mama mpishi: kila jioni ananichemshia kidumu cha lita tano kwenye moto unaobaki baada ya kupika, namlipa faranga zake. Siku zote tisa tumbo halikunisumbua.

Jambo ambalo sikulijua ni nguo. Kule hazikauki. Unaanika asubuhi, jioni zimelowa vile vile, na viatu vyangu vya ngozi viliota ukungu kwa siku tatu. Nilikuwa nataka kuzivaa hivyo hivyo, binti wa Papa akanizuia. Akaleta pasi ya mkaa, akapiga kila kitu: magauni, khanga, taulo, hata nguo za ndani, mbele na nyuma. Akanieleza kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na ukizivaa bila kupiga pasi funza wake anaingia kwenye ngozi na kukua humo kama jipu. Joto la pasi linayaua. Binti yule alikuwa kama wa miaka kumi na minne, na alipiga pasi pindo za magauni yangu kwa makini kuliko nilivyowahi kufanya mwenyewe. Nilimpa khanga moja siku naondoka.

Siku zenyewe zilikwenda hivi: asubuhi bandarini kuuliza, mchana kivulini chini ya mwembe, jioni bandarini tena. Siku moja nilipanda toleka hadi kwa Wagenya, wavuvi wa kule, kwenye poromoko la mwisho, nikawaona wakining'inia kwenye magogo waliyoyasimika ndani ya mapovu, na chini yake vikapu vikubwa vya kamba za msituni vyenye umbo la tarumbeta vikikinga samaki. Mto unapiga kelele mpaka huwezi kusikia mtu wa pembeni. Nilikaa pale saa mbili na sikutaka kuondoka.

Lakini aliyenipatia boti hakuwa yeyote wa bandarini. Mpwa wa Papa alikuwa mchukuzi kwenye magati madogo, na wachukuzi ndio wanaojua, kwa sababu ndio wanaojaza. Chombo kinachobakiza mzigo wa siku moja wanakijua kuliko karani mwenye daftari. Kwa hiyo niliacha kuuliza ofisini, nikawa namwuliza Papa kila jioni, naye anasema "bado" au "wameanza kuweka mahindi". Siku ya tisa alisema, "Mama wa Kigoma, usivue viatu." Nikanunua mkeka, mikate, ndizi mbivu na turubai la kujikinga na mvua sitahani, nikafunga begi, nikalala nimevaa.

Saa kumi alfajiri akagonga. Nikafungua kufuli langu, maana hilo pia nilikuja nalo, la gesti sikuliamini hata moja. Nje mpwa wake alikuwa amesimama na toleka, begi langu tayari analifunga nyuma kwa mpira. Nilikuwa nimelipia usiku mbili jioni iliyotangulia na nimetumia mmoja. Sikuwa na nia ya kudai. Kwa furaha ya boti nilikuwa hata nimesahau. Papa akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na bunda la faranga lililofungwa kwa raba, akaniomba nimulike, akazihesabu mbele yangu moja moja, noti baada ya noti, mpaka ikatimia thamani ya dola 13.