Kumbe mama hasikii

Hapa Mbagala tulishakubaliana mama kaanza kusahau. Juzi nilimwomba apitie dagaa gengeni, karudi na mkaa. Tukacheka, Mungu atusamehe.

Daktari wa masikio ndiye aliyetufumbua macho: usikivu umeshuka pande zote mbili. Ubongo ukihangaika kunasa maneno, nguvu ya kuyatunza inabaki kidogo. Na si la kupuuza, maana mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la The Lancet iliutaja upungufu wa kusikia kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili) na yanayoweza kushughulikiwa.

Leo kavaa kifaa chake. Swali la kwanza: “Hivi hii feni siku zote inapiga kelele namna hii, na nyie mmenyamaza tu?”