Nimesikia vali za moyo zikifunga

Leo daktari kanipa stetoskopu nisikilize moyo wa mdogo wangu. Du-tap, du-tap.

Kinachosikika ni vali, yaani vile vimlango vya damu vya moyo, zinafunga, damu inagota ghafla na kila kitu pale kinatetemeka. Mlio wa kwanza, ule mzito, ni vali 2 zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini, moyo ukianza kuminya. Wa pili, mfupi na mkali, ni zile 2 za kwenye mishipa mikubwa ya kutokea.

Sasa dogo akaambiwa avute pumzi taratibu... ule wa pili ukagawanyika jamani! Vali ya kwenda mapafuni inachelewa kidogo nyuma ya ile ya aota (mshipa mkubwa wa kupeleka damu mwilini), na sikio linaipata kabisa. Nimesisimka mwili mzima.

Nani ashasikiliza moyo wa mtu wake? Ulisikiaje?