Mwanasheria Mkuu wa Kupigiwa Kura

Novemba 2018, wapiga kura wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani walimwondoa Mwanasheria Mkuu wao, Brad Schimel wa chama cha Republican, na kumweka Josh Kaul wa Democratic kwa tofauti ya takriban kura 17,000 kati ya zaidi ya milioni 2.5 zilizopigwa. Kwa msomaji wa Dodoma, hata kwa sisi tunaopita kila siku mbele ya ofisi za Serikali za Mtumba, habari hiyo ni ya mbali na pengine haina ladha. Mimi imenishughulisha kwa sababu Schimel, pamoja na mwenzake Ken Paxton wa Texas, ndiye aliyeongoza kesi iliyofunguliwa Februari mwaka huo kutaka sheria ya bima ya afya ya Rais Obama ifutwe yote, na matokeo ya uchaguzi yakaligeuza jimbo lenye jina kwenye hati ya mashtaka kuwa jimbo linalotafuta mlango wa kutokea.

Kwetu Mwanasheria Mkuu wa Serikali huteuliwa na Rais kwa Ibara ya 59 ya Katiba, huingia bungeni kwa wadhifa wake, na mwananchi hana siku hata moja ya kumuuliza atasimamia upande gani. Marekani, majimbo 43 kati ya 50 humchagua kwa kura. Anapanda jukwaani, anachangiwa fedha za kampeni, anaahidi, na moja ya ahadi zinazopendwa tangu 2010 ni kumshtaki Rais wa chama kingine.

Mwanzo wake ulikuwa Machi 23, 2010. Obama alitia saini sheria hiyo, na siku hiyo hiyo Bill McCollum, Mwanasheria Mkuu wa Florida, akafungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Pensacola akiwa na wenzake wa majimbo mengine 12. Mmoja tu kati ya hao wote, Buddy Caldwell wa Louisiana, alikuwa Democratic, naye mwaka uliofuata alihamia Republican. Wanne kati ya hao 13 walikuwa wakiwania ugavana mwaka ule ule, na aliyefanikiwa ni Tom Corbett wa Pennsylvania peke yake. Sisemi kwamba hoja yao ya kisheria ilikuwa ya uongo. Swali la kama Serikali Kuu inaweza kumlazimisha mtu kununua bima lilikuwa swali zito. Nasema tu kwamba kesi na kampeni zilipanda basi moja.

Uchaguzi wa Novemba 2010 ukaongeza abiria. Florida ilimpata Pam Bondi, aliyekuja baadaye kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani yote, naye akaiendeleza kesi. Ohio ilimwondoa Richard Cordray ikamweka Mike DeWine, ambaye alijiunga na kesi mara tu alipoapishwa Januari 2011. Katika mwezi huo majimbo sita yaliingia kwa mpigo, na idadi ikafika 26. Sheria haikuwa imebadilika hata nukta. Waliobadilika ni wenye ofisi.

Nirudi Wisconsin, kwa kuwa ndiko mambo yalikoonekana waziwazi. Mwezi mmoja baada ya Schimel kushindwa, na kabla Kaul hajaapishwa, bunge la jimbo lililokuwa mikononi mwa Republican lilipitisha sheria ya kumzuia Mwanasheria Mkuu kujitoa kwenye kesi bila idhini ya bunge. Gavana aliyekuwa akiondoka, Scott Walker, akaitia saini Desemba 14, 2018, siku ile ile ambayo Jaji Reed O'Connor wa Texas, katika kesi hiyo ya Paxton na Schimel, alitamka kwamba sheria yote ya Obama ni batili. Machi 2019 jaji wa Wisconsin aliisimamisha kwa muda sheria hiyo ya kumfunga mikono Mwanasheria Mkuu, gavana mpya Tony Evers hakungoja kesho yake kumwagiza Kaul ajitoe, na Kaul akaanza kuliondoa jimbo lake. Watu wazima hawa, wote wenye shahada za sheria au washauri wenye shahada hizo, walikuwa wakikimbizana na saa.

Na je, kesi zenyewe ziliamua nini? Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliiokoa sheria kwa kura 5 dhidi ya 4, Jaji Mkuu John Roberts akisema kwamba faini ya asiye na bima ni kodi, na Bunge lina mamlaka ya kutoza kodi. Magazeti yaliandika kwamba Obama ameshinda. Lakini hukumu hiyo hiyo iliwaachia majimbo hiari ya kupanua Medicaid, yaani bima ya Serikali kwa watu wa kipato cha chini, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipoguswa. Florida na Texas, majimbo yaliyoongoza kesi zile mbili kubwa, hayajaipanua hadi leo. Kwa maoni yangu, McCollum na wenzake walishindwa kesi wakapata kile ambacho maskini wa majimbo yao wanakilipia.

Hapa kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya muswada kuahirishwa ili upikwe upya, hasa kuhusu nani atawalipia wasio na uwezo. Hakuna mkoa ulioishtaki Serikali, wala hakuna mkoa wenye uwezo huo. Mvutano wetu uko chini zaidi. Nimewahi kukaa na bibi mmoja kijijini wilaya ya Chamwino wakati akiandikishwa CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Mwandikishaji aliingiza majina kwenye simu, akafika la sita, akanyamaza. Wajukuu walikuwa bado wamesimama mstarini. "Sasa huyu mdogo nimweke wapi, mwanangu?" bibi aliuliza, na yule kijana akaeleza kwa upole kwamba mfumo haupokei.

Ukinitaka niseme kama ningependa Mwanasheria Mkuu wetu apigiwe kura, jibu langu ni hapana. Nimeona alivyo mtu mwenye ofisi hiyo anapokuwa pia mgombea. Ninachowaonea wivu Wamarekani ni kwamba mgombea hulazimika kutamka msimamo wake kabla ya kupewa ofisi.

Hata hivyo kesi ya Paxton nayo iliishia pa kushangaza. Juni 17, 2021 Mahakama ya Juu iliitupa kwa kura 7 dhidi ya 2 bila kugusa uhalali wa sheria, kwa kuwa walalamikaji hawakuonyesha namna walivyoumizwa, maana faini ilikwisha kushushwa hadi sifuri kwa sheria ya kodi ya 2017. Suala hilo la nani ana haki ya kulalamika tunalijua vizuri. Ibara ya 26(2) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba, ilhali marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika, nayo yakapingwa mahakamani. Bibi wa Chamwino angeweza kuapa hivyo bila shida yoyote. Katika shauri lake, mtu ambaye angekaa upande wa pili akijibu ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali.