Jenereta ya nyumba, Goma: hesabu imefungwa, bado kununua

Vyombo vyote vimepimwa kwa ampiamita ya kubana (kifaa kinachopima ampea kwa kubana waya). Ukibana waya zote mbili pamoja inasoma sifuri, kwa hiyo tumetumia ralonji (waya wa kurefushia) fupi iliyopasuliwa ganda la nje, ubane waya mmoja tu. Ampea mara volti 220 inatosha kwa hesabu hii.

Wati zinazotumika: taa 8 za LED zote pamoja 72, televisheni na dekoda 100, ruta 10, laptopu na simu 100, friji 120, kongelateri (friza) 150, pampu ya maji ya nusu hospawa 600. Jumla 1,152. Kibao cha pampu kinaandika 370, lakini hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme inaoula.

Pampu ndiyo inayoamua. Mota ikianza hudai karibu mara 3 ya kawaida yake, yaani 1,800 kwa pampu hii, ziada ya 1,200. Kwenye jumla tunaongeza ziada kubwa moja tu: 2,352. Hesabu hiyo inasimama iwapo mota haziwaki kwa pamoja, kwa hiyo jenereta iwashwe bila mzigo, ianze pampu, ifuate friji, kisha kongelateri, taa mwisho. Umeme ukikatika, friji ipumzike dakika 5. Presha ya gesi isiposhuka, kompresa inakwama na kunguruma tu.

Sasa mwinuko, ambao wauzaji hawautaji. Goma iko karibu mita 1,500, na injini ya esanse (petroli) isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300, hapa jumla 17.5. Jenereta ya kW 2 (wati 2,000) inabaki na 1.65: pampu haitawaka. Ya kW 3 inabaki na 2.475, inapita kwa wati 123. Pasi ya wati 1,000 itasubiri pampu izimwe. Birika la 2,000 limefutwa, maana pamoja na vingine linavuka hata bila pampu. Kuruka hadi kW 5 ili kujipa nafasi hatukubali: ikibeba robo ya uwezo wake inakunywa esanse bure na plagi inajaa masizi.

Masizi yanaweza pia kuletwa na mwinuko wenyewe, kwa kuwa hewa ni nyepesi na mafuta yanazidi. Kitundu kikuu cha kabureta chenye kipenyo kidogo zaidi kinarekebisha mchanganyiko. Nguvu iliyopotea hakirudishi.

Dukani, tarakimu kubwa ubavuni kwa kawaida ni kilele cha muda mfupi. Soma nguvu ya kudumu kwenye kibao. Injini ya sentimita za ujazo 200 hutoa kW 2.5 hadi 3 hivi, kwa hiyo iliyoandikwa kW 5 iache hapohapo.

Zimebaki kazi mbili: swichi ya kuchagua kati ya SNEL (shirika la umeme la Kongo) na jenereta, ili umeme usirudi kwenye laini ya mtaa, na waya wa mm² 2.5 kutoka uani, ambako jenereta itakaa mbali na madirisha.