Kumbi nne, siku moja, na ngazi yangu ya mbao

Saa 12 asubuhi simu inaita, ni mwongozaji wetu, hata salamu hajamaliza ananiuliza mdogo wangu ukumbi umepatikana? Nikamwambia dada saa hizi kumbi zenyewe bado zimelala. Mi ndo nasimamia maandalizi ya igizo letu la muziki, waigizaji 22, bendi watu 7, na ngazi moja ya mbao inayozunguka ambayo nitaitaja humu mpaka mchoke. Zimebaki wiki tisa, na tiketi huwezi kuuza kama hujui watu watakaa wapi.

Saa 2 natoka na fundi sauti. Kwenye begi kuna tepu ya kupimia, vipimo vya ngazi, na tochi, maana sehemu za ukumbi zenye matatizo huwa hazina taa.

Saa 3 tuko ukumbi wa kwanza. Siti 900, zulia jekundu, dari utadhani umeingia ikulu. Meneja anatupitisha mlango wa mbele anatuonyesha siti, mi nikamwomba samahani kaka, naomba nianzie nyuma. Watu wengi wanakagua ukumbi kama watazamaji, wanakaa siti ya katikati wanapiga picha steji wanafurahi, wakati balaa lote liko nyuma ya pazia. Mlango wa mizigo mita 2.1, ngazi yetu mita 2.8. Sawa, ngazi tutafikiria. Ila pembeni ya steji kuna mita moja tu kila upande halafu ukuta! Igizo la watu wanne linaweza kuishi hapo, ila kwetu watu 22 wanatoka wanacheza kwa spidi, wanahitaji pa kusimamia, na kuna dada ana sekunde 40 gizani kubadilisha gauni. Afu nyuma ya pazia la mwisho hamna njia, yaani ukitokea kushoto na unatakiwa kuingilia kulia inabidi utoke nje uzunguke jengo. Mvua ikinyesha je?

Nikauliza na siku, maana hili wengi wanalisahau, hukodi ukumbi siku ya shoo tu. Kufunga taa na kuzielekeza ni siku nzima, mazoezi ya kuunganisha taa na sauti na waigizaji ni siku nyingine. Kaka akasema mnaingia siku hiyohiyo mchana. Asante, kwaheri.

Na hata hizo siti 900 zenyewe ni mtego. Sisi kwa usiku mmoja tunapata watu 300, labda, ukiwaweka kwenye ukumbi wa 900 hata kichekesho kinakufa. Udogo siyo aibu, kule New York ukumbi wa siti 500 kwenda juu ndo unahesabiwa Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo, wa 100 hadi 499 ni Off-Broadway, na watu wanafanya kazi nzuri tu humo.

Saa 5 ukumbi wa pili, uliojengwa kwa ajili ya okestra. Fundi akasimama katikati ya steji akapiga kofi moja, paa! Sauti ikazunguka ikazunguka, zaidi ya sekunde mbili. Kwa okestra huo ni utamu, muda wa sekunde mbili hivi ndo wanaoutaka. Kwa maneno unataka karibu na sekunde moja, na igizo la muziki linasimulia hadithi ndani ya nyimbo, mtu asiposikia maneno ya wimbo wa pili hataelewa kwa nini binti anaondoka kwenye wimbo wa tano. Msimamizi akasema watu wakijaa mwangwi unapungua. Hajadanganya. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alianza kuhamisha mito ya siti usiku kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine huku anapima sauti inafifia baada ya muda gani, akaona mito ikiongezeka mwangwi unapungua, na miili ya watu inanyonya sauti vilevile. Lakini fundi wangu akanong'ona, utapungua ndiyo, ila siyo wa kutosha.

Saa 8 ukumbi wa tatu, kila kitu kizuri mpaka nikafika mlango wa dharura nikakuta mnyororo na kufuli. Mzee mlinzi akasema siku ya shoo tunafungua mwanangu. Hapo mi sina mjadala. Tarehe 30 Desemba 1903 ukumbi wa Iroquois kule Chicago uliungua katikati ya onyesho la muziki la mchana, cheche ya taa ilishika pazia, wakafa watu zaidi ya 600, na milango mingine ilikuwa imefungwa au watu hawajui inafunguliwaje. Ukumbi mpya kabisa, una wiki kama tano tu, na ulitangazwa kwamba hauungui. Tukaondoka.

Saa 10 ukumbi wa nne, wa zamani, siti 340, rangi inabanduka, pembeni ya steji wamerundika viti vibovu. Nikamulika tochi, kumbe nyuma ya viti kuna mita nne kila upande! Njia ya nyuma ipo. Sakafu ya mbao, siyo zege la kuua magoti ya wachezaji. Kofi limekufa vizuri. Nimekaa kwenye siti za pembeni kabisa moja moja, 12 za kushoto hazioni kona ya nyuma, hizo hatuuzi. Shimo la bendi mbele ya steji hamna, tutawaweka nyuma ya waigizaji kwenye jukwaa la juu kidogo, halafu kamera imchukue kiongozi wa bendi na skrini ndogo ikae mbele waigizaji wamwone. Kiyoyozi kinanguruma, kwenye nyimbo za polepole kitazimwa. Choo cha waigizaji kimoja. Watu 29, choo kimoja! Ila siku tatu za kuingia kabla ya shoo wanatoa.

Saa 3 usiku natuma picha. Jibu: mdogo wangu hii si stoo? Nikampigia, tumebishana karibu saa nzima, yeye na dari lake la ukumbi wa kwanza mi na mita zangu nne, mwisho akanyamaza afu akauliza kwa sauti ya chini, na ngazi inapita?

Mlango mita 2.4. Nikamwandikia seremala. Saa 5 kasoro akajibu, inakatika vipande viwili, ila nisimwambie tena habari ya kuizungusha.