Kisunzi cha sikio hakiponi kwa kulala

Wazee wetu hapa Lamu wakishikwa na kisunzi mambo ni yale yale kila mara, wanapimwa presha, presha ikiwa sawa wanapimwa malaria, ikikosekana wanaambiwa labda damu imepungua, halafu wanapewa vidonge vya kizunguzungu wakapumzike. Na wanapumzika kweli! Mwezi unaisha, mwingine unaingia, bado wanameza vidonge na msikitini hawaendi tena manake wakisujudu tu ulimwengu unapinduka. Mimi kazi yangu ni fizio, yaani kutibu kwa mazoezi na kwa mikono, na hili jambo linaniuma sana, kwa sababu wengi ninaowaona shida iko kwa sikio, na dawa yake ni kile kile walichokatazwa, yaani kukitikisa kichwa.

Ndani kabisa ya sikio kuna mirija mitatu ya nusu duara yenye maji, kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kimegeuka vipi. Daktari mmoja wa Vienna, Robert Bárány, alilifahamu hili akiosha wagonjwa masikio, maji yakiwa baridi mtu anashikwa na kizunguzungu na macho yanacheza upande mmoja, yakiwa moto yanacheza upande wa pili, akapewa Nobeli ya 1914 naye yuko kifungoni Urusi kama mateka wa vita. Sasa karibu na hiyo mirija kuna chembechembe za chokaa, umri ukienda ama ukigongwa kichwa zinaweza kubanduka zikaingia ndani ya mrija. Hapo ndo unajigeuza kitandani na nyumba yote inazunguka, haifiki dakika inatulia, ukijigeuza tena inaanza upya.

Juzi niliitwa kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha. Akaniambia mwanangu, baharini sijatapika maishani, leo natapika juu ya kitanda changu. Nikamkalisha mkekani, mto nikauweka mahali mabega yatakapofika, nikamgeuza kichwa kulia kiasi nikamlaza haraka kichwa kikaning'inia nyuma kidogo. Mwanzo kimya. Halafu macho yakaanza kuruka huku yanajizungusha, akanikamata mkono, linakuja hilo linakuja, nami namwambia ami usifumbe macho, niangalie mimi, na kweli baada ya muda mfupi yakatulia. Hicho ni kipimo walichokieleza madaktari Dix na Hallpike 1952, hakitaki mashine wala stima. Kisha nikamzungusha kichwa pole pole mpaka kushoto, tukangoja, akalala ubavu wa kushoto pua inaangalia chini, tukangoja tena, nikamwinua. Hizo chembe zinarudishwa zilikotoka kwa uzito wake zenyewe. Mbinu ni ya John Epley wa Oregon, aliichapisha 1992 baada ya kupingwa miaka na madaktari wenzake, na mapitio ya 2014 ya Cochrane, shirika linalojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 11 yenye wagonjwa 745, kwenye yale yaliyohesabu kupona kabisa waliofanyiwa walikuwa asilimia 56 na ambao hawakufanyiwa 21. Ni kidonge gani cha kizunguzungu kinachofanya hivyo?

Lakini si kila kisunzi ni chembe. Kuna ambao neva ya sikio imeshambuliwa na virusi, kuna walioharibiwa masikio yote mawili na sindano kama jentamisini au streptomisini, hao ukiwalaza na kuwageuza hutoi kitu. Hao wanahitaji mazoezi, na mazoezi yenyewe si mapya, madaktari Cawthorne na Cooksey waliyaanzisha Uingereza miaka ya 1940 na wanajeshi waliorudi vitani wameumia kichwa. Ubongo ukiona kila siku kwamba habari za sikio moja haziendi sawa na za macho unajipanga upya, ila lazima uione hiyo kasoro, na ukilala tuli na kumeza vidonge vya kuutuliza hauioni. Siku mbili tatu za mwanzo mtu akitapika vidonge sawa, miezi hapana. Cochrane ya 2015 ilipitia tafiti 39, watu 2,441 wenye sikio moja bovu, ikaona mazoezi ni salama na yanasaidia.

Zoezi kuu ni rahisi: andika herufi kwa karatasi, ishike mbele yako, tikisa kichwa kulia kushoto huku macho yamebaki kwenye herufi na herufi isivurugike. Muongozo wa wana fizio wa Marekani wa 2022 unasema aliyesumbuka muda mrefu afanye mara tatu hadi tano kwa siku, jumla dakika 20 au zaidi, wiki nne hadi sita. Kutembeza macho peke yake bila kichwa hakusaidii, na bado naona watu wanafundishwa hivyo!

Halafu kutembea. Sisi Lamu tuna vichochoro vyenye kuta pande zote mbili, mtu mwenye kisunzi hana mahali bora pa kuanzia, unashika ukuta kwa vidole, baadaye unaachia, unageuza kichwa ukiitikia salamu, unampisha punda. Ila usiku stima ikipotea asiende peke yake, maana sikio likiwa bovu macho ndo yanamshikilia, na ngazi za nyumba zetu zinajulikana zilivyo.

Kitu kimoja naomba msichelewe nacho. Kisunzi kikija ghafla na mtu anaona vitu viwili viwili, ulimi mzito, mkono hauna nguvu, ama hawezi kabisa kusimama, hicho kinaweza kuwa kiharusi, chukueni boti mwende hospitali saa hiyo hiyo. Hao wengine, kabla hamjakubali karatasi ya dawa, muulizeni anayewatibu kama amemlaza mgonjwa na kumtazama macho.